Uzi Uliokazwa Mno

"Kaza uzi," watu humwambia
anayelegea, aliye karibu kukata tamaa.
Otari alikaza.
Usiku, tochi kichwani, nyuma ya nyumba yao huko Tskaltubo,
alichomeka kipande cha bomba kwenye mkia wa spana
apate nguvu za watu wawili,
akakaza bolti ya saba ya silinda hedi
mpaka ikawa nyepesi.

Kila fundi anaujua wepesi huo.
Mguu unashuka gizani
kwenye kipandio ambacho hakipo.

Asubuhi gari lilifika Kutaisi likivutwa kwa kamba
na lori la muuza mikate.
Natela Lomtadze akaichomoa bolti kwa vidole viwili.
Alumini ilitoka nayo, imeizingira,
pete juu ya pete, inang'aa,
kama nywele zilizosalia kwenye kitana.
"Uzi wenyewe huu," akamwambia,
akauweka kwenye kiganja chake.
Otari alikuwa na abiria watatu wa kwenda Batumi,
nusu ya nauli ameshaila.

Mimi nilikuwa na miezi miwili pale gereji.
Kazi yangu: kushika taa,
kuziba midomo ya silinda kwa matambara,
kufyonza chenga.
Sikuelewa kwa nini dawa ni keekee.
Shimo limeharibika kwa kupanuka,
naye analipanua zaidi?

"Lililochakaa halishikiki," Natela alisema.
"Tunakwenda mpaka penye uzima."
Akafunga utepe mwekundu kwenye ncha ya keekee, alama ya kina,
akapiga goti juu ya bampa,
akaacha kupumua.

Kisha tapu, na tone la mafuta ya taa.
Nusu mzunguko mbele, robo nyuma.
Nusu mbele, robo nyuma.
Otari alitembea mpaka mlangoni, akarudi.
Akauliza kama haiwezekani kwenda mbele tu.
Inawezekana, alisema Natela,
na tapu ikikukatikia humo ndani
uza gari, nunua punda.
Nusu mbele.
Robo nyuma.

Halafu waya wa chuma cha pua,
umejiviringa kama springi ya kalamu.
Aliuzungusha ukazama,
ukajificha chini kidogo ya uso wa bloku,
alumini nje, chuma ndani,
laini imevaa kigumu upande wa tumboni.
Ulibaki ule mkia mdogo wa kuushindilia.
Nyundo ikagusa pini, tik,
mkia ukakatika, ukaanguka chini kabisa.

Nikakimbia kuleta sumaku.
Natela akanicheka. "Chuma hiki, Eteri,
hakiitiki."
Alichukua kijiti cha mshikaki wa jana,
akakipaka grisi, akavua.
Mara ya kwanza chenga.
Mara ya pili hakuna.
Mara ya tatu niliuona, mdogo kuliko ukucha wa kuku,
nikajua kwamba ningeuacha humo,
ningefunga, ningepokea pesa.

Saa kumi hedi ilikuwa imekaa juu ya gasketi mpya.
Natela alifunga sita kwa spana ya kipimo,
ya saba akampa Otari.
Akavuta. Spana ikalia, kak.
Nikaliona bega lake linataka kuongeza,
kidogo tu, kwa usalama.
"Imeshasema," Natela akamwambia,
wala hakuinua macho,
alikuwa akifuta tapu.

Otari alilipa nusu.
Nyingine akitoka Batumi, akasema, na mpaka leo
Batumi bado hajatoka.

Usiku ule mama alinipa chupa ya mchuzi wa plamu nifunge.
Nikageuza mfuniko mpaka ulipogota.
Nikasikiliza.
"Kaza," akasema mama.
Nikamwambia umeshakaza.
Akainyakua chupa, akaukaza tena.